Wimbo wa Mwivi wa Sukari

Watu wengi walituambia kwamba wanaipenda albamu yetu, na hao ndio walionitia kinyaa kuliko wote. Aliyesema ni mbaya nilimwelewa, nikampa salamu, nikaenda zangu. Lakini yule mama aliyekuja kwenye meza yangu sokoni, akamshika samaki wangu tumboni, akaniambia, "Ule wimbo wenu wa maiti unanichekesha mpaka mbavu zinauma," huyo nilitamani kumpiga usoni kwa samaki huyo huyo. Sikumpiga. Nilimfungia samaki wake, nikanawa mikono, nikanawa tena.

Tulikuwa wawili tu. Mimi napiga gitaa la baba, kuukuu, alilonunua zamani alipokuwa bado anafanya kazi ya reli. Mwenzangu anaimba huku anagonga chupa tupu ya soda kwa msumari. Basi, hiyo ndiyo orkesta yetu yote. Yeye ni mtu wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula, na ndiye anayeniletea samaki ninaowauza hapa Lubumbashi. Zaidi ya hayo, ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu babu za babu zetu. Akifika kwangu hanisalimii, anauliza kama bado sijafa kwa ulafi. Namjibu kwamba nangoja kumzika yeye kwanza, kwa sababu harufu yake inasumbua majirani. Hapo tumekwisha salimiana, na mwenye kukasirika amevunja mwiko.

Kwenye kilio, mtani ana kazi yake. Wenye msiba wanalia, yeye anamtukana marehemu. Anamtukana kwa sauti, mbele ya wote, na matusi lazima yawe ya kweli, ya mambo madogo ya nyumbani ambayo mgeni hawezi kuyajua. Kwetu mtu aliyezikwa bila kutukanwa na mtani wake ni kama mtu aliyetupwa.

Mama alipofariki, baba hakulia wala hakula. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, akiutazama mlango wa jikoni utadhani mama yuko ndani anachelewa na chai. Tulimsemesha, hakujibu. Tulimpa uji, ukapoa mikononi mwake. Ndipo mtani wangu akaingia bila hodi, kilemba kimekaa upande, akasimama mbele ya mwili wa mama na mikono kiunoni.

"Mwivi weye!" alisema. "Sukari uliificha wapi?"

Mayo! Uani kote watu walishika midomo. Kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Maisha yake yote mama alimficha baba sukari. Baba alipenda chai tamu kama mtoto, na daktari alikuwa amemkataza. Basi mama aliifukia ndani ya gunia la maharage, akaikunja ndani ya vitenge vyake, msimu mmoja wa mvua aliiweka ndani ya buti. Baba aliitafuta nyumba nzima, na alipoipata mama aliihamisha. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao, kama unataka kujua.

Mtani akaanza kuimba pale pale. Akamwambia mama kwamba amelala mdomo wazi na inzi wanaingia kumtafutia sukari. Kwamba miguu yake mikubwa imewamaliza mafundi viatu wa Kampemba. Kwamba muzee wake sasa atakunywa chai kavu, basi aamke aseme ameiweka wapi. Wanawake wakaitikia, "Amuka useme!" Nikasikia baba anakoroma kooni. Nilidhani anakabwa, nikamkimbilia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka kiti kikatetemeka, halafu akalia, akalia vizuri kabisa, na baada ya kulia akaomba bukari, ugali wetu wa huku.

Tulipotoka makaburini alimwita mtani.

"Mi pia, siku yangu ikifika, unitukane muzuri," alimwambia. "Kama haunitukane, sitoki mu hii nyumba."

"Weye?" mtani akamjibu. "Weye nitakutukana mpaka bamalaika bafunge masikio."

Baba alifurahi kwa ahadi hiyo kama mtu aliyepewa kiwanja. Alimkumbusha mtani kila mara alipoleta samaki. Alimpelekea hata mawazo: usisahau lile koti langu, usisahau siku nilipoanguka kwenye mtaro nimevaa nguo za kanisani. Ilikuwa hivyo mpaka albamu ilipotoka.

Mwenye studio alikuwa amekuja kwenye kilio kingine tulichokwenda kuimba. Mtu wa maneno mengi. Alisema nyimbo za wazee zinapotea, akatuweka kwenye chumba chake chenye magodoro ukutani, tukaimba yote tunayoyajua: za kulimia, za kubembelezea watoto, zile za reli alizonifundisha baba. Halafu akaomba ile ya sukari. Tulimuuliza baba, akakubali, na akakaza nyuzi za gitaa yeye mwenyewe. Tulifikiri, sisi watatu, nani katika mji huu hajawahi kumwona mtani kilioni? Atakayesikia atajua hiki ni kilio, atakaa kimya kidogo, atawakumbuka watu wake. Ndivyo tulivyofikiri, wajinga watupu.

Redio moja ikatualika asubuhi. Mtangazaji alikuwa kijana msafi, mwenye kucheka hovyo. Akaupiga wimbo, akafungua simu. Msikilizaji wa kwanza alisema anajua tunamwimba nani, ni jirani yake fulani, na amefurahi kwamba sasa mji mzima umemjua. Wa pili, mwanamke, alisema sisi ni wachawi, kwa sababu anayemtukana maiti ndiye aliyemla. Wa tatu alitaka kujua kama tunapiga kwenye arusi, maana wimbo unafaa kumwingiza bibi arusi ukumbini. Bibi arusi! Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa kwenye maikrofoni.

Mtani wangu akamkata. "Kijana, uyu tunaimba iko mama yake," alisema na kunionyesha kwa kidole. "Alikufa kweli, vrai vrai."

"Ah bon!" kijana alisema. "Basi ile iko kali zaidi!" Akaupiga tena.

Tulitoka pale bila kuaga. Barabarani mtani alitema mate, nami nikatema, wanawake wazima wawili tukitema mate mbele ya ukuta wa redio.

Halafu zikaja video. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake, akidhani nitafurahi. Vijana walikuwa wamebuni mchezo. Mmoja analala juu ya meza, amefunikwa shuka jeupe, mdomo wazi, ulimi nje. Wengine wanamzunguka wakicheza, na pale wanawake wanapoitikia "Amuka useme," wanammiminia sukari mdomoni. Sukari ya kweli, kwa kikombe. Yule aliyelala, msichana, alikohoa, sukari iliyochanganyika na mate ikamtiririka mpaka shingoni, na mwenye simu akasogea karibu ili tuone vizuri. Chini yake watu walikuwa wameandika kwamba huu ndio utamaduni wetu, wakaweka mioyo. Kuna mmoja wa Ulaya aliyeandika kwamba anapika jioni akisikiliza sauti zetu na anajisikia yuko nyumbani. Nyaa! Nilimrudishia mpwa wangu simu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatapika chai niliyokunywa.

Mwenye studio alinipigia akishangilia. "Mama, wimbo unatembea!"

"Unatembea kwenda wapi?" nilimuuliza. Akasema kuna mtu ameuongezea ngoma nzito ili ufae kwenye baa, na hakutuomba ruhusa kwa sababu ndivyo mambo yanavyokwenda siku hizi.

Ngoma nzito hiyo ikafika kwetu. Baa ya kona ya mtaa ikaipiga kuanzia mchana, na watoto wa jirani wakaanza kufanya mchezo wa meza chini ya dirisha la baba, ila wao walitumia benchi na mchanga. Baba alikuwa ndani anasikiliza habari. Akazima redio yake.

"Banamucheka nani?" aliniuliza.

"Ni wimbo tu, papa."

"Najua iko wimbo. Nauliza, banamucheka nani?"

Alikwenda dirishani, akamtazama yule mtoto aliyelala kwenye benchi mdomo wazi, wenzake wakimmwagia mchanga kifuani.

"Bale habako batani yetu," alisema. "Ata mumoja."

Alifunga dirisha, na kulikuwa na joto kali.

Siku ile ile mtani akafika na samaki, akapiga kelele tangu mlangoni kama kawaida yake. "Bado uko hapa, muzee? Na mi nilikuletea sanduku!" Siku zote baba humjibu kwamba sanduku ni fupi, limepimwa kwa mtu wa kwao. Safari hii aliinuka. Akafunga kifungo cha shati, akamnyoshea mkono.

"Bonjour, madame," alisema. "Karibu. Ku Kasenga, banaamuka muzuri?"

Kwa mtu mwingine hiyo ni heshima. Kwa mtani ni kofi. Maana yake, wewe ni mgeni, kati yetu hakuna kitu, na ukinitukana sasa ni tusi la barabarani. Mtani alibaki na kapu kichwani. Alijibu "Bonjour" kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nilipomsindikiza mpaka kwenye barabara kubwa alikaa juu ya kapu lake tupu, akalia.

"Muntu mwenye anakuita madame," aliniambia, "utamutukana na kinywa gani? Mi nitamuzika namna gani?"

Nilikuwa na hasira na watu ambao hata sura zao sizijui.

Wapenzi wetu wengine walikuwa na sura, tena nzuri. Mama mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri, alitualika kwenye jumba lake, akatuweka kwenye bustani yenye majani yaliyokatwa kama zulia, akatupa juisi kwenye glasi ndefu. Rafiki zake walikuwa wameisikiliza albamu yote. Bwana mmoja alifumba macho alipoieleza, akasema ina huzuni lakini inachezesha. Mwingine akauliza kama tunaweza kuongeza kilio kidogo mwishoni, kilio chenyewe, cha machozi, kwa sababu kwenye albamu hakitoshi. Alisema hivyo huku anakula nyama kwa kijiti. Nilitazama mafuta kwenye kidevu chake.

Halafu mwenye nyumba akapiga makofi, ana wazo. Ni siku yake ya kuzaliwa. "Munitukane na miye!" alisema. "Mbele ya bote. Tutacheka!"

Mtani wangu aliweka glasi chini polepole. "Madame, weye hauko mutani wangu," alimwambia. "Nikikutukana, itakuwa matusi."

Wakacheka, wakadhani ameanza. Tukachukua gitaa na chupa yetu, tukatoka, na hatukupiga tena mahali popote. Mwenye studio alilalamika sana. Mwache alalamike.

Baba akaanza kuvimba miguu. Kitanda chake tulikisogeza karibu na mlango apate hewa, lakini dirisha la upande wa mtaa hakutaka lifunguliwe. Kila gari la samaki lilipofika mjini, mtani alikuja, akaingia kimya, akakaa kwenye kiti cha wageni magoti yamebanwa. Baba alimwita madame, akamshukuru kwa samaki. Walizungumza habari za mvua. Mayo wee, kuwasikia wale wawili wakizungumza habari za mvua! Afadhali wangetupiana sahani.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza baba kama amemkataa, kama kweli anataka kwenda bila mtani.

"Simukatae," alisema. "Naogopa."

"Unaogopa nini, papa?"

"Akinitukana, bataichukua ile tusi. Batanilalisha pa meza." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa fupi. "Mama yenu banamumwangia sukari mu kinywa. Miye batanimwangia nini?"

Nilitoka mpaka sokoni, nikamkuta mtani anapanga samaki, nikamwambia maneno hayo yote kama yalivyo. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaacha samaki wake mezani, akaenda Hewa Bora kwa miguu. Nami nilimfuata nyuma.

Aliingia bila hodi. Hakukaa kwenye kiti cha wageni, alikaa kitandani, kwenye miguu ya baba iliyovimba kabisa.

"Muzee, tusi yako sitaiimba," alimwambia.

Baba alimtazama. "Basi utafanya je?"

"Ile haiko kazi yako. Kazi yako ni kufa."

Niliona midomo ya baba inacheza. Halafu akanigeukia mimi, sura imekunjamana.

"Uyu mwanamuke ananuka samaki," alisema. "Fungua dirisha."

Mtani akapiga makofi kama amepata mtoto. Akamjibu kwamba harufu ni ya miguu yake mwenyewe, kwamba ameivimbisha makusudi ili sanduku lisitoshe, na baba akamwita mlafi wa Luapula, na mimi nikafungua dirisha nikalia pale pale, nikiangalia nje.

Alifariki kabla ya mvua kuanza.

Kwenye kilio watu walijaa mpaka barabarani, na wengi sikuwajua. Hawakumjua baba pia. Walikuwa wamekuja kutuona sisi. Kijana mmoja aliuliza gitaa liko wapi. Mwingine, kwa kutuheshimu eti, alipiga ule wimbo wenye ngoma nzito kwenye spika ndogo, mpaka kaka yangu akaizima kwa mkono wake. Msichana aliyevaa nguo nyeusi mpya alimwambia rafiki yake asimame pale, mwanga ni mzuri, sanduku litaonekana nyuma yake. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka na nilisikia kila neno. Niliwachukia. Sijui neno jingine la kuwastahi, niliwachukia, na midomo yao, na manukato yao.

Mtani akaingia. Kilemba upande, mikono kiunoni, kama ile siku ya mama. Kimya kikashuka, simu zikapanda juu.

"Mama, tupe mupya!" mtu alipiga kelele kule nyuma.

Hakumtazama. Alipiga magoti kando ya sanduku, akafungua kitenge cha mabegani, akajifunika nacho kichwa, akamfunika na baba. Tukaona tu mgongo wake umeinama na kitenge kinacheza pale mdomo ulipo, sikioni mwa baba. Alikaa humo muda mrefu. Mabega yalitetemeka, yakatulia, yakatetemeka tena. Hatukusikia hata neno moja. Wazee walielewa, wakainamisha vichwa. Waliokuja na simu wakaanza kunung'unika, na kijana mmoja akajipenyeza mbele, akasogeza simu yake mpaka kwenye pindo la kitenge. Niliinuka, nikaichukua, nikaitia kwenye ndoo ya maji ya kunawia mikono. Alisema nitailipa. Nilimwambia aje aidai makaburini.

Mtani alipojifunua, uso ulikuwa umeloa na alikuwa anacheka, cheko la tumboni. Akapiga ubao wa sanduku kwa kiganja.

"Mumubebe," alisema. "Sasa atatoka."

Wasikilizaji wetu waliandika sana kuhusu siku hiyo. Walisema tumejivuna. Walisema hata baba yetu mwenyewe tumemnyima wimbo, kwamba mtu amepanda mabasi mawili na hakuona kitu. Mmoja aliandika kwamba albamu ya pili hatainunua. Nilisoma, nikamrudishia mpwa wangu simu yake, na safari hii sikutapika.

Lakini jambo moja lilikuwa linanikaa kooni. Mtani aliporudi na samaki, tukakaa sokoni kuwachambua, wakubwa huku, wadogo kule, na nikamuuliza: chini ya kile kitenge, alimwambia baba nini?

Aliendelea kuchambua. "Unataka kujua?"

"Mi niko mutoto wake. Nina haki."

Akamnyanyua samaki mmoja, akamnusa, akamweka upande wa wakubwa.

"Ufe kwanza," alisema. "Nitakuambia."